Mfereji au tangi? Uliza kabla ya kuamini chati ya mtandaoni

Kila kukiwa na kelele mitandaoni, kesho yake hukosi chati. "Wakenya wamesema hivi." Asilimia kadhaa huku, asilimia kadhaa kule. Tunashea, tunabishana, lakini ni wachache wanaouliza: hizo posti zilikusanywa vipi?

Kwa X, ile zamani ilikuwa Twitter, programu za kukusanya posti hupitia milango miwili. Fikiria maji ya ploti. Mlango wa kwanza ni utafutaji, na huo ni tangi: unateka kilichobaki. Unaandika neno, unapewa posti zilizokwisha kuandikwa, na kwa utafutaji wa kawaida ni za siku 7 zilizopita pekee. Iliyofutwa huipati. Mlango wa pili ni mtiririko, na huo ni mfereji. Unataja maneno unayotaka, unaweka mtungi, posti zinaingia papo hapo watu wakiandika. Ila yaliyopita kabla hujafungua hayarudi.

Sasa chukua Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Tuseme msee mmoja alifungua mtiririko asubuhi hiyo kwa #RejectFinanceBill2024. Mjadala wote uliowatoa watu nyumbani umempita. Aliyeandika kwa Sheng bila hashtegi pia amempita. Jioni intaneti ikayumba, posti zikapungua kwa mtungi wake, na akisoma vibaya atasema watu walinyamaza.

Msee wa pili alitumia utafutaji Juni 30. Tarehe 25 bado anaipata, lakini ni posti zilizobaki tu. Aliyeandika kwa hasira kisha akafuta kwa woga hahesabiwi. Akingoja hadi katikati ya Julai, siku yenyewe haipo kabisa. Watu ni wale wale, siku ni ile ile, chati ni mbili tofauti, na hakuna aliyedanganya.

Hapa ndipo mambo yanatugusa sisi. Ukifuta posti, tangi linaisahau, lakini aliyekuwa na mtungi kwa mfereji tayari anayo. Sheria za jukwaa zinamtaka naye aifute. Kama ameifuta au la, wewe huna namna ya kujua.

Halafu kuna doo. Kabla ya 2023, hata mwanafunzi angetumia milango yote miwili bure, kwa kipimo. Mwaka huo kampuni ikaweka bei: dola 100 kwa mwezi kwa mpango mdogo, ambao ulikuwa na kikomo cha kusoma posti 10,000. Mtiririko ukapelekwa kwenye mpango wa dola 5,000 kwa mwezi. Kwa hivyo, kwa bei hizo, aliyeweza kuona sauti ya vijana ikipita moja kwa moja alikuwa mwenye pesa. Vijana wenyewe, wakijikaza sana, wangeteka kwa tangi, na kwa kikombe.

Chati nyingine ikikufikia kwa WhatsApp, uliza mambo matatu. Ni mfereji au tangi? Maneno gani yalitafutwa? Kuanzia lini hadi lini? Kama hayo hayajaandikwa mahali, usiseme "Wakenya wamesema". Sema tu kuna mtu aliteka maji, na hajatuambia alitekea wapi.