Baiskeli ya Jirani na Tovuti

Mwaka 1965 kundi la Provo mjini Amsterdam lilitoa baiskeli nyeupe zisizofungwa, zitumiwe na yeyote. Polisi walizichukua, kwa kuwa sheria ilikataza baiskeli kuachwa bila kufuli. Mwaka 1995 Copenhagen ilidai amana ya sarafu ya kroni 20. Wizi haukukoma, maana mtumiaji hakujulikana.

Basi ajengaye tovuti ya watu kukodishana baiskeli zao asianze kwa kupamba kurasa. Aanze na daftari: nani kaichukua, lini, kwa amana gani. Siku zikigongana, kompyuta ilikatae ombi la pili. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa kidato cha pili aiweza. Lililo gumu ni breki. Zikikatika mteremkoni, ni nani atakayewajibika, mwenye baiskeli au mpandaji? Hilo liandikwe kabla baiskeli ya kwanza haijatoka.