Chumvi haifundishwi kwa ubao tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe dukuduku langu juu ya ufundishaji wa kemia katika sekondari zetu za kata, hususan somo la kutengeneza chumvi.

Mwulize kijana aliyekwisha fundishwa somo hilo jinsi ya kupata chumvi inayoyeyuka. Atakujibu kwa Kiingereza bila kusita: chukua tindikali, tia kaboneti kupita kiasi, chuja, chemsha maji yapungue, acha fuwele zijitenge. Mwulize kwa nini iwe kupita kiasi, ananyamaza. Hajapata kuona povu likikoma na unga ukabaki chini ya chombo, ambayo ndiyo dalili kwamba tindikali imekwisha.

Tunaambiwa vifaa hakuna. Mwaka 2014 wananchi tulichangishwa kujenga maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Tulitoa, wengine kwa kuuza kuku. Nimeingia katika jengo mojawapo nikakuta viti vibovu vimerundikwa humo hadi darini.

Lakini hata bila vya dukani, kazi hii inawezekana. Maganda ya mayai yaliyosagwa na siki vinatoa chumvi inayoyeyuka. Na isiyoyeyuka je? Chukua chokaa ya kupakia nyumba iliyokwisha zimwa, ikoroge katika maji, iache ituame, chota yale maji maangavu ya juu. Mimina humo maji ya magadi. Papo hapo yanageuka kama maziwa na mashapo meupe yanashuka. Chuja, suuza, anika. (Mwalimu awepo, kwani maji ya chokaa hayana mzaha na macho.) Akiisha kuona hayo, kijana ataelewa kwa nini chumvi isiyoyeyuka hupatikana kwa kuchanganya maji ya aina mbili. Ukitia jiwe la chokaa katika tindikali ya salfa, jiwe linajivika ganda la salfeti isiyoyeyuka kwa urahisi, na povu linakufa tindikali ingali imejaa.

Wala si mambo mageni kwetu. Huko Uvinza, katika njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji, watu walichota maji ya chemchemi za chumvi wakayachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikabaki, nayo ikachukuliwa kuuzwa mbali. Wazungu Burton na Speke walipopita mwaka 1858 waliikuta kazi hiyo.

Na hapa Lusu kwenyewe palikuwa na mgodi wa Golden Pride, ambao sasa umefungwa. Dhahabu iliyeyushwa kutoka katika mawe kwa sianidi, kisha ikatenganishwa. Kazi zile zilihitaji watu waliowahi kushika chupa ya maabara kwa mkono, na migodi mingine ya nchi hii ingali inawahitaji.

Nawaomba wathibiti ubora wa shule, wafikapo wilayani Nzega, wasiishie kukagua madaftari. Wamwite mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne awatengenezee kijiko kimoja cha chumvi isiyoyeyuka, mbele yao, na aeleze kwa Kiswahili kwa nini amechagua njia hiyo.

Mzazi,
Lusu, Nzega.