Tenda ya Kuchora Paipu za Choo: Doh Kidogo Inayofungulia Doh Kubwa Mlango

Wasee, tunajua hakuna mtu huamka asubuhi akafungua simu asome tenda ya majitaka. Kuna bifu za masoshalaiti, kuna ngoma mpya, kuna mkeka wa wikendi. Lakini tulia kidogo, juu hii stori inakuhusu kama umewahi kusoma bodi, kulala hosteli ya chuo ama kulazwa hospitali ya serikali.

Aprili 2023, shule ya Mukumu Girls kule Kakamega ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Wanafunzi na mwalimu mmoja walifariki. Wizara ya Afya ilipopima sampuli ilipata E. coli na Salmonella typhi, vijidudu vinavyofika mdomoni hasa kupitia maji ama chakula kilichoguswa na kinyesi. Hiyo ni lugha ya daktari. Kwa lugha ya mtaa, uchafu wa choo ulipata njia ya kufika kwa sahani.

Hatusemi Mukumu kulikuwa na mtu alikula tenda. Tunasema hiyo ndiyo bei ya uchafu kupata njia. Na kwa majengo ya umma, ile karatasi inayofaa kuufungia njia ni mchoro wa injinia. Hapo ndipo watu wachache sana huangalia.

Kazi ni mbili, si moja

Hospitali ama shule ya umma ikitaka kurekebisha mfumo wa majitaka, kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ya injinia: achunguze shida, achore dawa yake, aandike BQ, yaani orodha ya kila kitu kitakachotumika na kiasi chake. Ya pili ni ya kontrakta: achimbe, alaze paipu, afukie.

Kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kazi ya injinia ni ushauri wa kitaalamu, si ujenzi. Kwa kawaida wanaoiomba huleta bahasha mbili. Moja inaonyesha ujuzi na mpango wa kazi, nyingine ina bei. Ya ujuzi hufunguliwa kwanza. Ukianguka hapo, bei yako inarudishwa bila kufunguliwa. Wazo ni kwamba injinia hachaguliwi kama nyanya sokoni, eti wa bei ya chini ndio mzuri.

Na kazi yenyewe si kuketi ofisini na rula. Injinia anafaa afungue kila manholi, apime kina na mteremko, ajue paipu ziko wapi na zimezeeka aje. Majitaka husukumwa na mteremko tu. Paipu ikilala sana, maji yanapita lakini uchafu unabaki nyuma, na siku moja unarudi kwa choo ulikotoka. Halafu ahesabu watu. Tangu 2018 serikali ilisukuma kila mtoto aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari. Wanafunzi wakaongezeka, mabweni yakajazwa vitanda, lakini chini ya ardhi kuna shule bado ziko na paipu zilezile za enzi ya wazazi wetu.

Aangalie pia maji ya mvua. Kuna majengo ambayo mifereji ya paa imeunganishwa na majitaka. Mvua ya masika ikianza Machi, paipu ya choo inabebeshwa maji ya paa nzima. Ukiona manholi ya chuo chenu inafurika kila Aprili, shida si wanafunzi kutupa vitu kwa choo peke yake. Kuna mtu alichora vibaya, ama hakuna aliyechora.

Hapo kwa mchoro ndipo mlango uko

Sasa cheki hesabu. Pesa ya mchoro ni kidogo ukilinganisha na ya ujenzi. Kwa hivyo ikitangazwa, hakuna kelele. Lakini huo mchoro ndio unaamua doh kubwa itaenda aje.

Sheria ya 2015, kifungu cha 139, inaruhusu kandarasi kubadilishwa kazi ikiendelea, bora idhini ipatikane na nyongeza zote zisipite asilimia 25 ya bei ya kwanza. Tuseme kazi ilikuwa ya shilingi milioni 20. Kontrakta akichimba apate mwamba ambao mchoro haukuonyesha, ama apate paipu iko mita 2 chini ya pale ilichorwa, anaweza kuomba hadi milioni 5 zaidi. Hakuna tenda mpya na hakuna wa kushindana naye, juu yeye tayari yuko ndani ya shimo.

Si kila nyongeza ni wizi. Ardhi huficha mambo hata kwa injinia msafi. Lakini mchoro wa uvivu unageuza nyongeza kuwa kitu cha uhakika, na kama kuna mtu alitaka kula, hahitaji kuiba. Anahitaji tu mchoro mbaya wenye sahihi.

Sheria yenyewe inajua hizi njia, ndiyo maana imezitaja. Kifungu cha 54 kinakataza kukatakata kazi moja kuwa vipande vidogo ili kukwepa ushindani. Yaani huwezi kurekebisha choo cha bweni A wiki hii, B wiki ijayo, C mwezi ujao, kila kimoja kwa kontrakta wa karibu, na laini ni moja. Stakabadhi za kawaida za tenda nazo zinamzuia aliyechora kurudi kushindania ujenzi wa kitu alichochora. Sababu iko wazi: angejichorea kazi inayomfaa yeye.

Halafu kuna dharura. Choo kikipasuka leo, sheria inaruhusu kumwita mtu moja kwa moja bila mashindano. Hiyo iko sawa, hakuna mtu anataka wagonjwa wangoje wiki mbili wakinusa. Ngori ni pale dharura inarudi kila mwaka, mahali palepale, wakati uleule. Ukiijua tarehe yake, hiyo si dharura tena.

Na mwalimu mkuu je?

Tuwe wakweli. Kuna walimu wakuu na wasimamizi wa hospitali ambao hawajakula chochote. Mgao umechelewa, choo kimefurika, wazazi wanapiga simu. Kumlipa injinia kabla ya fundi kunakaa kama anasa. Kwa hivyo anaitwa fundi, anasukuma waya, lori la kunyonya linakuja, maisha yanasonga.

Kama ni paipu moja imeziba, hiyo inatosha na haihitaji mchoro. Lakini ukilipia lori la kunyonya kila muhula kwa miaka, mwishowe umelipa injinia mara kadhaa na bado hauna mchoro. Wanaobaki na hiyo shida ni wanafunzi, na wapishi ambao jikoni yao iko hatua chache kutoka kwa shimo.

Form ni gani sasa?

Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuona habari zilizo mikononi mwa serikali. Tenda na kandarasi za umma zinafaa kuwekwa kwa tovuti ya tenders.go.ke. Fungua, andika jina la hospitali ama chuo chenu, uone.

Ukikosa, tumia sheria ya kupata habari ya 2016. Unaandika barua ama imeli, hulipi kuomba, na ofisi iko na siku 21 za kujibu. Kama ni suala la uhai wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunaita Ombudsman.

Usiulize tu "pesa ilienda wapi?" Hilo swali wamelizoea. Uliza vitu vitatu: ripoti ya mchoro iko wapi, injinia aliyeweka sahihi amesajiliwa na bodi ya mainjinia, na kandarasi iliongezwa bei mara ngapi na kwa sababu gani. Msee aliyefanya kazi safi atakupatia majibu. Asiyekuwa na mchoro hana la kukupa, na hilo pia ni jibu.

Na kama wewe ni injinia kijana unatafuta kazi, kumbuka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Michoro ya majitaka haina mbwembwe, hakuna mtu atakupiga picha ukifungua manholi. Lakini ukiichora poa, kuna mtoto wa bodi mahali fulani atakunywa maji ya shule na asiugue.