Usiikanyage ndege ya mtoto



Pita mtaa wowote wa nchi hii baada ya masomo utawaona. Huyu anasukuma gari la waya lenye magurudumu ya kandambili, yule anarusha tiara la mfuko wa nailoni, na mwingine ameshika ndege ya boksi yenye mota iliyong'olewa kwenye deki mbovu. Anaitupa, inaanguka. Ananyoosha bawa, anaitupa tena. Mzazi akitokeza mlangoni, neno lake huwa moja: "Acha upuuzi huo, njoo usome."

Leo napenda tulitafakari neno hilo, upuuzi. Si muda mrefu uliopita, baada ya sala ya jumuiya, baba mmoja alinisimulia jinsi alivyoikanyaga ndege ya mwanawe wa darasa la sita mpaka ikawa vipande, kwa sababu alama za hisabati zilikuwa zimeshuka. Mtoto hakulia. Aliokota vipande vyake, na tangu siku hiyo hajatengeneza kitu kingine. "Sasa ametulia, Padri," aliniambia baba huyo kwa kuridhika. Mimi sikuona utulivu hapo. Niliona kitu kimezimika.

Wengi hawajui kwamba kurusha ndege ndogo kwa rimoti ni mchezo kamili wenye mashindano ya dunia. Unasimamiwa na FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga lililoanzishwa mwaka 1905. Katika mashindano ya sarakasi za angani, ndege hairuhusiwi kuzidi mita 2 kwa urefu wala kwa upana wa mabawa, na uzito wake usizidi kilo 5. Rubani husimama chini, majaji wakiwa nyuma yake, na kila mchezo anaouonyesha hupewa alama kuanzia 0 hadi 10. Duara likiwa na umbo la yai, alama zinakatwa. Mstari wa kupanda ukiinama kidogo, zinakatwa pia.

Hakuna anayefika hapo kwa siku moja. Karibu wote walianza kama watoto wetu wanavyoanza, na kipande cha mbao, gundi na hamu. Njia ya kutoka kwenye mchezo wa utotoni hadi uwanja wa mashindano ina mafunzo mengi. Mimi nachukua mawili yanayotuhusu sisi wazazi na walezi.

La kwanza ni hili. Ndege inapokwenda mbali nawe, kulia kwako ndiko kulia kwake. Ikigeuka kurudi kwako, mambo yanabadilika: ukisukuma kijiti kulia, machoni pako inaelekea kushoto. Hapo ndipo wanafunzi wengi huangusha ndege zao. Mwalimu huwafundisha wajione kana kwamba wamekaa ndani ya ndege, waache kuitazama kwa macho ya mtu aliyesimama chini. Je, sisi huwa tunakaa kwenye nafasi ya mtoto kabla ya kumwamuru? Kinachoonekana kwetu kuwa ni kupotea, huenda kwake ndiyo njia iliyonyooka.

La pili ni namna anavyofundishwa anayeanza. Mwalimu na mwanafunzi kila mmoja ana rimoti yake, na rimoti hizo zimeunganishwa. Ile ya mwalimu ina swichi. Anapoishikilia, mwanafunzi ndiye anayeongoza ndege. Akiiachia, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Siku za mwanzo mwanafunzi hupewa sekunde chache tu ndege ikiwa juu sana, mahali ambapo kosa lina nafasi ya kusahihishwa. Baadaye anapewa dakika, kisha kuruka, na mwisho kutua, ambako ndiko kugumu kuliko kote. Siku inafika waya unaondolewa. Wapo wazazi wasiotoa swichi kamwe, wakimchagulia mtoto shule, kazi, hata mchumba. Wapo pia wanaomtupia mtoto rimoti siku ya kwanza na kuondoka zao. Wote wawili ndege zao huanguka.

Nawaletea mfano wa mtu mmoja. Maynard Hill, Mmarekani, alianza kuunda ndege ndogo tangu utotoni na hakuacha. Alisomea madini na vyuma, akafanya kazi katika maabara ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akatunza familia yake, na mchezo wake ukaendelea kando ya kazi. Mwaka 1970 alipandisha ndege ya rimoti zaidi ya mita 8,000, wakati kilele cha Kilimanjaro ni mita 5,895. Kwa jumla aliweka rekodi 25 za dunia.

Uzee ulimkuta angali na ndoto moja: kuvusha ndege ndogo juu ya Bahari ya Atlantiki. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi cha kuhesabiwa kisheria kuwa kipofu, na masikio yake hayakusikia vizuri. Agosti 2003, akiwa na miaka 77, alisimama Cape Spear, Kanada, akairusha kwa mkono wake ndege isiyozidi kilo 5 pamoja na mafuta yake. Iliitwa TAM-5, na tarakimu hiyo inajieleza: zilizotangulia hazikufika. Juu ya bahari ilijiongoza kwa vifaa vya setilaiti. Baada ya saa 38 na dakika 52, na kilomita zipatazo 3,000, ilitua Ireland ikiwa imetumia mafuta yasiyotimia galoni moja. Aliyekuwa akiisubiri upande wa pili na rimoti mkononi alikuwa mwenzake, Dave Brown. Hill aliirusha, na mwingine akaipokea.

Ndugu msomaji, hapo naiona kazi yote ya malezi. Tunarusha kwa nguvu tulizonazo, tukijua kwamba wengi wetu hatutakuwepo itakapotua. Lakini hatuwezi kurusha kitu tulichokwisha kukikanyaga.

Atakuwepo atakayenikumbusha kwamba Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anasema alipokua aliyaacha mambo ya kitoto. Ni kweli. Lakini Paulo anazungumzia akili changa isiyojua upendo, hazungumzii furaha ya kuumba kitu kwa mikono. Nabii Zekaria, katika sura ya 8, anapoeleza Yerusalemu iliyokombolewa, anataja njia za mji zilizojaa wavulana na wasichana wanaocheza. Kwake hiyo ni ishara kwamba Mungu amerudi kukaa na watu wake. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, tuliyemsoma kwa jasho seminarini, anafundisha kwamba mchezo wenye kiasi ni sehemu ya fadhila, na kwamba mtu asiyejua kucheza kabisa ana kasoro.

Yule mtumishi wa Injili ya Mathayo sura ya 25 hakuiba talanta wala hakuipoteza. Aliifukia kwa sababu aliogopa. Nasi tunazifukia talanta za watoto wetu kwa sababu ya hofu: hofu ya ada, hofu ya mtihani, hofu ya majirani watasemaje.

Nazijua hofu hizo, wala si za kudharauliwa. Shule ni lazima. Vifaa vya mchezo huu ni ghali, na kwa ndege za rimoti na droni sheria zinataka vibali. Ulizeni mamlaka ya usafiri wa anga kwanza. Wala si kila mtoto wa tiara atakuwa bingwa. Lakini tazameni alichokanyaga yule baba. Ili ndege isimame hewani lazima utafute kitovu cha uzito wake: ikizidi uzito mbele inaruka kwa shida, ikizidi mkiani inaanguka. Lazima upime bawa, ulinganishe pande mbili, ujue nguvu ya betri. Hiyo ndiyo hisabati aliyoitaka. Mtoto alikuwa ameishika mkononi.

Na matunda tunayaona jirani zetu. Tangu mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu katika hospitali za vijijini Rwanda. Mwaka huohuo, Zanzibar ilianza kupigwa picha kutoka angani kwa droni ili kuchora ramani ya Unguja na Pemba, na wanafunzi wa chuo kikuu cha visiwani humo walishiriki. Kazi kama hizo zinataka vijana ambao utotoni hawakuambiwa kwamba anga ni upuuzi.

Basi, wazazi, wekeni saa ya kusoma na saa ya kucheza, na msiifanye ya pili kuwa rushwa ya ya kwanza. Makatekista na walimu, msiishie kuwahesabu watoto kwenye madawati. Ulizeni wanatengeneza nini nyumbani. Mtoto akiangusha ndege yake, kabla ya kumkemea, muulize imeanguka kwa nini. Atakueleza kwa nusu saa, nawe utamfahamu mwanao kuliko ulivyomfahamu mwaka mzima.

Leo alasiri, baada ya Misa na chakula, toka nje. Mwombe akuonyeshe, umshikie bawa wakati gundi inakauka.

Nawatakia Dominika njema.