Mgeni Mpe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitaja methali hii kwa mzaha, wakidhani kuwa ni kauli ya mwenyeji mchoyo aliyechoka kugawa chakula chake. Mimi naiona kuwa ni kauli ya heshima. Jembe halimfukuzi mgeni. Humwingiza shambani, likamfanya mmoja wa watu wa nyumba. Nadai katika makala haya kwamba vyuo vikuu vyetu vya Afrika Mashariki aghalabu huwanyima jembe wanafunzi watokao ng'ambo kuja kusoma Kiswahili, na ya kuwa unyimivu huo, ingawa umevikwa vazi la ukarimu, ni dharau kwao, na ni dharau kubwa zaidi kwa lugha yetu.

Tazama orodha ya masomo apewayo mgeni wa muhula mmoja. Mara nyingi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni masomo ya historia, siasa na maendeleo, ambayo hufundishwa kwa Kiingereza kama yafundishwavyo masomo karibu yote ya vyuo vyetu. Ya pili ni kozi ya Kiswahili iliyotungwa kwa ajili ya wageni peke yao: kuamkiana, kununua nazi sokoni, kuuliza njia ya kituo cha basi, na safari moja ya kutazama magofu. Ng'ambo ya ukuta yako masomo ya ushairi, fonolojia, tafsiri na fasihi simulizi, ambayo wanafunzi wetu huyasoma kwa Kiswahili. Hayo hayamo katika orodha.

Katika chuo kimoja nilichopata kufundisha, alinijia msichana kutoka Ujerumani aliyekwisha kusoma Kiswahili kwao kwa miaka mitatu. Aliomba kuhudhuria mihadhara yangu ya ushairi. Nilimpima kwa mazungumzo ya saa nzima nikaridhika, nikamwandikia barua ya kumkubali. Ofisi ikajibu kuwa somo hilo si la wageni. Akarudishwa katika darasa la maamkizi, akafanya mtihani, akapata alama ya juu kabisa kwa kujibu maswali ambayo angaliweza kuyajibu kabla hajapanda ndege. Darasa hilo nililifundisha mimi, na posho yake niliipokea mimi. Kwa hiyo sisemi kama mtu asiye na hatia.

Watetezi wa desturi hii wana hoja tatu. Husema kwanza kwamba mgeni hajui lugha ya kutosha, naye ataaibika mbele ya wenyeji. Jibu ni kumpima. Kiswahili hufundishwa London, Bayreuth, Wisconsin na kwingineko, na wako waijao wakiwa wameiva. Asiyeiva na abaki katika darasa la mwanzo. Lakini kwa nini aliyeiva afungwe naye kamba moja? Husema pili kwamba muhula ni mfupi. Ni mfupi kweli, na kwa sababu hiyo hiyo si haki kuupoteza kwa mambo ambayo muuza nazi angemfundisha bure. Husema tatu kwamba ada za wageni hukisaidia chuo. Ada si haramu. Haramu ni kumuuzia mtu pumba kwa jina la mchele.

Hebu tugeuze safari. Julius Nyerere alisoma Edinburgh tangu 1949 hata 1952, akatoka na shahada ya M.A. Hakutengewa darasa la kujifunza kuagiza chai. Alisoma masomo waliyosoma wenyeji, kwa lugha yao. Jembe alilopewa huko alikuja kulilimia huku: mwaka 1963 ilichapwa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Mtu ataniambia kuwa Nyerere alisoma Kiingereza tangu utotoni. Ni kweli. Lakini nani ng'ambo atakuwa na sababu ya kusoma Kiswahili miaka mingi, ikiwa mwisho wa safari ndefu ni kurudishwa kwenye "Hujambo"?

Wala wasituambie kuwa Kiswahili hakiwezi mihadhara. Swali hilo lilijibiwa Dar es Salaam zamani. Farouk Topan alianza kufundisha huko fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1968, na mwaka 1970 ikaundwa Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa lugha hiyo. Mwaka 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kila mwaka twapiga ngoma siku hiyo kuitangaza lugha ya ulimwengu. Kesho yake twamwonyesha mtu wa ulimwengu mlango wa jikoni na kumwambia kuwa sebule ni ya wenyewe.

Nataka mambo matatu tu. Mgeni apimwe awasilipo, na atakayefaulu afunguliwe kila somo la Kiswahili, akae dawati moja na wenzake na kufanya mtihani ule ule. Neno la mwalimu wa somo liwe na uzito kuliko orodha ya ofisi. Tena cheti kiseme kweli: aliyesoma maamkizi kiandikwe maamkizi, si Kiswahili.

Wanafunzi wetu nao watafaidi. Wengi wao wameambiwa tangu shule ya sekondari kuwa elimu hunena Kiingereza. Wamwone mtu aliyevuka bahari akihangaika usiku kucha na mizani ya utenzi, akiwaomba msaada wao, nao watajua wamekalia hazina gani. Yule msichana alirudi kwao na alama yake ya juu. Mimi nilibaki na barua yangu iliyokataliwa. Ningali nayo, na kila muhula uanzapo huisoma tena.