Kumkunja samaki si kumvunja



Juma hili tuongee juu ya mikono na miguu ya wabinti wetu. Kuna neno linalorudi mara nyingi tunapokutana. Binti amewekwa kwenye darasa la ushonaji, majuma mawili yamepita, na mshono wake bado unakwenda kama njia ya nyoka. Basi wengine wanasema: «Huyu hana mkono. Tumtoe, nafasi apewe mwingine.» Ni kweli mashini ni chache na wanaongoja ni wengi. Lakini kabla ya kumrudisha mtoto wa mwenzetu nyumbani, tujiulize kwanza mwili wa mtu unajifunzaje kazi.

Tuanze na kazi ambayo karibu sisi wote tunaijua, kubeba maji kichwani. Mgeni akimwona mama anapanda njia, bidoni juu ya kata, mtoto mgongoni ndani ya kikwembe, anasalimia watu na wala hashiki bidoni kwa mkono, anadhani siri ni nguvu ya shingo. Shingo peke yake haitoshi. Mama huyo anatumia nyayo, magoti, kiuno na macho, vyote kwa pamoja. Maji yakitikisika kidogo, kiuno kimekwisha kujibu kabla yeye hajawaza. Muulize anafanyaje, atacheka tu. Mwili unajua, mdomo hauna maneno yake.

Jambo hili liliwashangaza hata wataalamu. Mwaka 1986 watafiti waliofanya kazi Kenya walitoa matokeo yao juu ya wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walipima pumzi yao walipokuwa wakitembea. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza sababu. Kutembea ni kama bembea: mwili unapanda kidogo, unashuka kidogo, na nguvu ya kushuka inasaidia hatua inayofuata. Wanawake hao waliobeba tangu utoto walikuwa wanapunguza nguvu inayopotea kati ya hatua na hatua. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Miili yao ilijifunza kidogo kidogo, miaka mingi.

Inajifunzaje? Nyuma ya kichwa, karibu na kisogo, kuna sehemu inayoitwa ubongo mdogo. Kazi yake moja kubwa ni kulinganisha. Kabla mkono haujafika, ubongo umekwisha kubashiri utafika wapi. Ukifika pengine, ubongo mdogo unapokea habari hiyo na kurekebisha safari inayofuata. Maana yake ni hii: kosa ndilo chakula cha kujifunza. Mshono uliopinda hautoi ushahidi kwamba binti hana mkono. Unamwambia ubongo wake mguu ulikanyaga haraka kuliko kitambaa kilivyosukumwa. Akipokonywa kitambaa na mwalimu akamalizia mwenyewe, binti amenyimwa chakula hicho.

Kuna mtaalamu Mrusi, Nikolai Bernstein, ambaye miaka ya 1920 aliwapiga picha wafanyakazi wakitumia nyundo, huku taa ndogo zimefungwa kwenye viungo vyao. Aliona jambo ambalo kila mtwanga sombe angelikubali. Nyundo ilifika palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kifundo havikupita njia ileile mara mbili. Fundi hakariri pigo moja. Anatatua swali lilelile upya kila pigo. Tena aliona kwamba mtu anayeanza kazi anakaza viungo vyake, maana vingi mno vinamtaka avitawale kwa wakati mmoja. Baadaye, akizoea, anavilegeza kimoja kimoja.

Sasa fikirini binti anayeanza kukanyaga pedali. Mabega yamepanda, vidole vimekakamaa, pumzi ameizuia. Tukimpigia kelele, anakaza zaidi. Kelele zetu zinamrudisha pale pale alipotaka kutoka.

Hata maneno tunayochagua yana uzito. Tangu mwaka 1998, mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wameonyesha mara nyingi kwamba anayejifunza hufanya vizuri zaidi akiweka mawazo kwenye matokeo ya kazi kuliko kwenye viungo vyake. Kwa hiyo, badala ya kusema «Nyoosha kiwiko! Angalia kidole chako!», tuseme: «Angalia ukingo wa kitambaa, uende sambamba na chuma hiki.» Anayekoroga bukari haangalii kifundo cha mkono. Anasikiliza unga kwenye mwiko.

Na muda je? Hapa tuwe wangalifu, maana tunapenda kumaliza mafunzo haraka. Uingereza, mwaka 1978, yalitolewa matokeo ya jaribio la watumishi wa posta waliofundishwa kupiga chapa. Wengine walijifunza saa 1 kwa siku, wengine saa 4. Wale wa saa 1 walijua herufi zote baada ya saa karibu 35 za mazoezi. Wale wa saa 4 walihitaji karibu 50. Ni kweli, wa saa 1 walitumia siku nyingi zaidi kwenye kalenda. Lakini kwa sisi wenye mashini chache, hesabu hii ni habari njema: mashini moja, wabinti wanne, kila mmoja saa yake, kila siku. Hakuna haja ya kumtoa mmoja ili mwingine apate siku nzima. Na kati ya siku na siku kuna usingizi, ambao unasaidia ubongo kukaza kile mikono ilichojaribu mchana. Binti anayelala usiku wa manane kwa sababu ya vyombo na maji anakuja darasani na mikono iliyochoka pamoja na kichwa kisichopata nafasi ya kuhifadhi.

Hapo tunarudi kwenye bidoni. Kutokana na yale ya Kenya, mtu anaweza kusema: «Basi tuwabebeshe mapema, wazoee.» Hapana, wamama. Ile asilimia 20 ilipimwa kwa wanawake wazima waliozoea miaka mingi, na zaidi ya hapo hata wao walilipa kwa pumzi. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Afrika Kusini haukuiona faida hiyo kwa wote, na maumivu ya shingo yalijitokeza. Tupige hesabu wenyewe. Bidoni la lita 20 likijaa ni kilo 20. Kwa mtoto wa kilo 30, hizo ni theluthi mbili za mwili wake. Hakuna maarifa ya kiuno yatakayoufanya mzigo huo uwe mwepesi. Ukiwa mzito mno, mtoto hajifunzi kutembea vizuri. Anajifunza kuvumilia tu, na shingo yake inaandika deni.

Wazee walisema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, na sisi wa kando ya ziwa twajua maana yake. Lakini kumkunja samaki si kumvunja.

Basi juma hili tunawaomba mambo manne. Kwa wanaofundisha: msimtoe binti yeyote kabla hajapata saa yake ya kila siku kwa mwezi mzima. Muacheni ashone kwanza kwenye karatasi bila uzi, mistari iliyonyooka, kisha iliyopinda, kisha achanganye. Akikosea, mwacheni aangalie kosa, aseme mwenyewe ameona nini, ndipo mseme. Na kwa kila mama nyumbani: mpe mtoto chombo kinacholingana na mwili wake, hata kama itabidi safari ziwe mbili na kaka yake aende moja.

Wabinti wengi hapa kwetu walifika Katanika wakikimbia vita, mikono mitupu. Ufundi ni mali ambayo ukikimbia unakwenda nayo. Tusiwanyime kwa sababu ya majuma mawili.