Elimu Haiishi Siku ya Kuvaa Joho

Katika vilima vya Mbooni, kutoka Kikima hata Tawa na kushuka mpaka Kalawa, si vigumu kuikuta nyumba yenye kijana aliyehitimu chuo kikuu na sasa yuko kwao akingoja kazi. Shahada yake imetiwa katika kioo na kutundikwa ukutani karibu na kalenda. Baba aliyeuza ng'ombe ili kulipa karo huitazama kila jioni, na moyoni hujiuliza ni lini mti huo utakapozaa.

Habari ya nyumba moja yatosha kuwa mfano wa nyingine nyingi. Binti wa nyumba hiyo alisomea elimu ya udongo na kilimo, akafaulu vizuri, akarudi kwao. Kwa muda wa miaka 2 alipeleka barua za kuomba kazi huku na huko, asipate ila majibu ya kuambiwa angoje. Hata siku moja mwalimu wake wa zamani akampasha habari kuwa ziko fedha za kumwezesha kurudi chuoni na kufanya utafiti juu ya mashamba ya matuta, na kwamba zimebaki wiki 3 tu kabla ya mlango kufungwa. Binti akamweleza baba yake. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, umekuwa ukisoma tangu una miaka 6. Wenzako wana watoto, tena wana mishahara. Utasoma mpaka lini?"

Swali la mzee huyo si la ujinga. Ni swali la mtu aliyetoa mali yake na sasa ataka kujua hesabu. Kwa hiyo linastahili kujibiwa vizuri, maana wazazi wengi huuliza hilo hilo, na vijana wengi hushindwa kulijibu.

Kwanza yafaa ifahamike kuwa kusoma na kutafiti si jambo moja. Mwanafunzi hupokea maarifa ambayo wengine wamekwisha kuyapata. Mtafiti hutafuta yale ambayo bado hayajajulikana. Kwa sababu hiyo mtu aliyepewa ufadhili wa utafiti hakupewa sadaka, bali amepewa kazi. Kwa kawaida fedha zile humlipia karo, zikampa posho ya kujikimu, na pengine nauli na gharama za kwenda mashambani. Muda ukiisha, lazima alete taarifa iliyoandikwa, isomwe na wenye elimu, nao waikubali au waikatae. Ni kama fundi aliyepewa mbao na mshahara: hatasifiwa kwa mbao, atasifiwa kwa mlango.

Pili, Mbooni ni mahali penye mengi ya kutafitiwa, wala neno hili halikuanza jana. Wazee husimulia kuwa Wakamba walikaa kwanza katika vilima hivi kabla ya kutawanyika kwenda Kilungu, Iveti na Kitui. Msweden mmoja, Gerhard Lindblom, alikuja Ukambani mwaka 1911 kuchunguza mila na lugha, na kitabu chake kikubwa kikapigwa chapa Uppsala mwaka 1920. Mwaka 1937 mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika taarifa juu ya mmomonyoko wa udongo katika Machakos, wilaya ambayo wakati huo Mbooni ilikuwa ndani yake. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwapunguzia watu mifugo kwa nguvu. Wakamba wengi wakaondoka kwao, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kuchukuliwa kwa ng'ombe kwa nguvu kukasimamishwa. Funzo lililobaki ni hili: wataalamu waliutazama udongo sana, wasimsikilize sana mwenye shamba.

Miaka mingi baadaye mambo yalichunguzwa tena kwa njia nyingine. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha Mary Tiffen na Michael Mortimore, Waingereza, pamoja na Francis Gichuki, mhandisi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliilinganisha Machakos ya mwaka 1930 na ile ya mwaka 1990, wakaona ajabu. Watu walikuwa wameongezeka karibu mara 6, kutoka kiasi cha 240,000 hata kupita milioni 1 na laki 3. Lakini udongo haukuwa umekwisha kama ilivyotabiriwa. Mashamba yalikuwa yamekatwa matuta ya fanya juu, yale ambayo mkulima huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu. Miti ilikuwa imepandwa, na mazao ya kila mtu yalikuwa yamezidi yale ya zamani. Kazi kubwa ya namna hiyo ilifanywa na wakulima wenyewe, na vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi. Basi jembe la mama wa Ukambani likaingia katika vyuo vikuu vya dunia nzima kuwa jambo la kusomwa na kubishaniwa.

Lakini hesabu zile zilikoma mwaka 1990. Tangu hapo watoto wamegawana mashamba, vijana wameondoka kwenda mijini, na mvua haziaminiki. Matuta yaliyochimbwa na nyanya, nani anayarekebisha? Shamba likigawanywa vipande 5, je, mtaro wa maji utapita kwa nani? Haya ni maswali ambayo mgeni atahitaji mkalimani kuyauliza, naye binti wa Mbooni atayauliza kwa Kikamba, ameketi jikoni kwa nyanya yake. Wala wazee wanaokumbuka kazi ya miaka ya 1950 hawatangoja. Kila anayezikwa huondoka na kurasa ambazo hazikuandikwa.

Wako Wakamba waliotangulia kuionyesha njia hiyo. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka 1931, alisoma Makerere, kisha akapata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963. Katika utafiti wake hakuyaacha mawazo ya watu wa kwao. Aliyachukua mawazo ya Wakamba juu ya wakati na mambo yajayo, akayapima pamoja na mafundisho ya Agano Jipya. Kutoka hapo akawa mwalimu anayesomwa ulimwenguni hata alipofariki mwaka 2019. Kivuto Ndeti naye aliandika kitabu juu ya maisha ya Wakamba kilichotolewa Nairobi mwaka 1972. Hawa hawakwenda shule ili kusahau kwao, bali walikwenda na kwao.

Sasa milango ni ipi? Hapa Kenya uko Mfuko wa Taifa wa Utafiti, uliowekwa na sheria ya mwaka 2013, ambao umepata kuwasaidia wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu. Sheria hiyo yataja kuwa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Fedha zilizofika zimekuwa chini sana ya hapo, kwa hiyo washindani huwa wengi na mafungu huwa machache. Shirika la Kijerumani liitwalo DAAD, lenye ofisi Nairobi tangu mwaka 1973, limewasaidia Waafrika wengi kusoma katika vyuo vya Afrika yenyewe. Kwa wenye elimu ya kilimo upo umoja wa vyuo vikuu uitwao RUFORUM, ulioanza mwaka 2004 na makao yake yako Kampala. Katika mojawapo ya mipango yake fedha hupewa mhadhiri, naye huwachukua wanafunzi wa uzamili wamsaidie. Basi anayeutaka mlango huo na abishe kwa mhadhiri.

Kwa wanaochunguza wadudu, wawe wa kuharibu mimea au wa kuleta maradhi, iko taasisi ya ICIPE, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ambayo tangu mwaka 1983 imekuwa na mpango wa kuwalea Waafrika mpaka shahada ya udaktari. Wanawake wanasayansi wa kilimo wamepata msaada wa AWARD tangu mwaka 2008, ambamo kila mmoja hupewa mshauri aliyemtangulia katika kazi. Wahadhiri ambao bado hawana udaktari, na vyuo vyao ni wanachama wa CARTA, wamepata kuwa na mpango wao uliobuniwa mwaka huo huo wa 2008. Tena iko misaada ya Jumuiya ya Madola, ambayo nchi zilipatana kuianzisha katika mkutano wa Oxford mwaka 1959. Basi mwanafunzi, mhitimu mpya, na mwanachuoni aliyekomaa, kila mmoja ana mlango wake; kosa ni kubisha usio wake.

Mambo 4 huwaangusha waombaji. La kwanza ni kuchelewa. Mipango mingi haimpokei mtu ambaye shahada yake ya mwisho ina miaka mingi. Ule wa DAAD kwa kawaida umetaka isizidi miaka 6. Kijana anayekaa kungoja kazi bila kuangalia milango hii asifikiri kuwa mlango nao unamngoja. La pili ni swali lililo pana mno. Anayesema atachunguza umaskini wa Afrika hatachunguza lolote; anayesema atapima mashamba 40 ya bonde moja ataaminiwa. La tatu ni barua za wadhamini. Mwalimu anayeombwa barua leo ili ipelekwe kesho ataandika maneno matupu. La nne ni vibali: kabla ya kwenda kuwauliza watu maswali, mtafiti katika Kenya lazima awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kisha ajijulishe kwa wakuu wa mahali, wasije wakamdhania mpelelezi au dalali wa ardhi.

Kuna na jambo la kuonya. Mahali penye asali hapakosi nzi. Mtu akileta barua isemayo kuwa kijana amekwisha kupewa ufadhili ambao hakuuomba, naye atume fedha kwa simu ili jina lake lisifutwe, huyo ni mwizi, hata kama barua ina mhuri na bendera. Mzazi asiuze kitu kabla ya kijana kuuliza katika ofisi yenyewe ya wanaotajwa.

Makarani nao wana sehemu yao. Karani anayeona tangazo ofisini, akalikunja na kulitia mfukoni kwa sababu hana mtoto wa kiasi hicho, amemnyima mtoto wa jirani. Karatasi ile ile ikisomwa kanisani, au ikibandikwa dukani Kikima, huenda ikamfikia mwenye haja nayo.

Ama binti yule, baba yake alimruhusu, ijapokuwa kwa shingo upande. Aliandika ombi lake kwa haraka katika wiki zile 3, akasema atachunguza udongo wa Ukambani wote. Jibu likaja: hakuchaguliwa. Mzee hakusema neno, na kimya chake kilimwuma binti kuliko maneno. Lakini hakuichana karatasi. Alirudi kwa mwalimu wake, wakaisoma pamoja, wakaona kosa. Mwaka ule wote alikuwa akishika kazi ndogo ya kufundisha, na siku za Jumamosi akitembea bonde moja lililo chini ya kwao, akipima matuta yaliyobomoka na kuandika jina la kila mwenye shamba katika daftari. Kisha akaomba tena, safari hii juu ya bonde lile peke yake. Akachaguliwa.

Usiku wa habari ile mzee aliuliza swali moja tu: "Hiyo taarifa yako, utaiandika kwa lugha gani?" Binti akajibu kuwa chuo chataka Kiingereza. Mzee akatikisa kichwa. "Watu wengi wamekuja hapa na daftari," akasema. "Tumewapa chai, tumewaonyesha mashamba, wakaenda. Hatukupata kusikia walichokiona." Binti akaahidi kuwa siku atakapomaliza atarudi na kusimama mbele ya baraza, aieleze taarifa yote kwa Kikamba, hata wale wasiojua kusoma waisikie na kuisahihisha.

Asubuhi yake mzee alichukua fimbo yake akamwambia binti amfuate. Walishuka bondeni mpaka kwa bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa katika mwethya wa kwanza wa kijiji kile. Mzee akamwamkia kwa adabu, akaketi juu ya jiwe, akasema, "Mama, huyu ni mwanangu. Amekuja kazini."